Jino Lililonipeleka Kizuka

Enzi za Mdachi, sisi wasichana wa Rumonge tulikuwa na meno ya kujivunia. Tulimenya miwa kwa meno, tukatafuna ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, pamoja na vichwa vyao, na mama zetu wakimaliza kukamua mawese, tuligombania kokwa za chikichi tukazipasua kwa magego. Mama alikuwa akinigombeza kila siku: "Mariamu, jino si nyundo!" Nilicheka, nikaenda kucheza mdako. Wajukuu zangu leo wakipewa muwa wanauliza kisu kiko wapi.

Basi gego moja la chini likapasuka. Mwanzoni liliuma kidogo tu, nikanyamaza nisigombezwe. Baadaye shavu likavimba mpaka jicho likazibika. Mama akanitia karafuu, akanisukutulisha maji ya chumvi, akanikanda kwa majani ya moto. Wapi! Homa ikapanda, kinywa kikawa hakifunguki vizuri, hata uji ukanishinda. Na mtaani kwetu kila mtu alimkumbuka mtoto wa Hawa, jirani yetu, aliyezikwa masika yaliyopita kwa uvimbe kama ule ule.

Baba hakuwepo. Askari walikuwa wamemchukua kubeba mizigo ya serikali mpaka Usumbura. Asubuhi ile Hawa alikuja kunitazama, akatoka nje akilia. Mama hakulia. Alinifunga mgongoni kwa kitambaa, mimi msichana mkubwa niliyekwisha kuhitimu juzuu ya kwanza ya Kurani chuoni, miguu ikining'inia, akashika njia ya mlimani kwenda Kizuka. Huko aliishi Mzee Ntirampeba, mhunzi wa majembe, na ndiye aliyeng'oa meno ya watu.

Njiani tulikutana na wanawake wakikimbia. "Amahoro, mama! Rudi! Askari iko mbele, wanakamata watu!"

"Wakamate tu," mama akasema. "Mimi niko na mutoto mugonjwa." Akazidi kupanda.

Kweli, kwenye kona askari akatuzuia, akaelekeza bunduki kwenye gunia la unga. "Mama, weka mutoto chini. Beba hii."

Mama aligeuka tu akamwonyesha mgongo wake. "Mzigo wangu ni huu. Muangalie vizuri, halafu uniambie nani atanibebea."

Askari aliniangalia usoni. Sijui aliona nini, lakini alikunja midomo akasogea pembeni. Mama hata hakumshukuru.

Mzee Ntirampeba alitukuta tumekaa mlangoni pa kiwanda chake. Akaniinua kidevu, akatikisa kichwa.

"Mimi nang'oa meno ya watu wazima. Huyu akinifia mikononi, nitajibu nini kwa baba yake? Nitajibu nini bomani?"

"Nitajibu mimi," mama akasema. "Ukimwacha hivi atakufa, nami nitakuwa nimemchosha bure na jua hili. Leta koleo, mzee wangu. Sitoki hapa."

Mzee akatupa mpa mgongo, akaanza kuchochea moto wake. Ndipo mimi, ambaye tangu alfajiri sikuwa nimetamka neno, nikajilazimisha kufungua kinywa kadiri kilivyokubali, nikaweka kidole juu ya lile jino.

"Haya," akasema taratibu. "Mutoto mwenyewe amekubali."

Akaitia koleo motoni, akaipoza majini. Mama akanibana kichwa mapajani. Mvuto wa kwanza ulitoa kipande tu, na sauti yake niliisikia mpaka kisogoni. Mzee akasita, jasho likimtiririka, akamtazama mama. Mama akageuza uso asitazame. Ndiyo mara ya pekee siku ile. Nikamshika mkono, nikasema kwa shida kama bubu, "Toa yote."

Akaingiza tena koleo, akatikisa huku na huku, akavuta. Nilipiga ukelele uliowatoa kuku uani. Usaha ukamwagika na damu, ukinuka vibaya, na papo hapo nikahisi kama mtu ameniondolea jiwe kichwani. Nikalala pale pale chini. Nilipoamka jua lilikuwa limeinama upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na nikaomba uji. Mama alipousikia mdomo wangu ukisema "uji", ndipo akalia, tena kwa sauti, mbele ya mhunzi na watu wake wote.

Siku hizi kuna zahanati, na sindano inayolifanya jino lisahau kuwa ni jino. Namshukuru Mungu kwa hilo. Koleo ya motoni simtakii mtoto wa mtu. Juzi mjukuu wangu alipiga mayowe kabla hata mganga hajanawa mikono, wakamletea peremende ya kumbembeleza, dawa ile ile ya kuoza meno! Nilicheka hadi machozi.

Lakini nikiwa peke yangu sicheki. Mama amelala makaburini siku nyingi, na rika langu limebaki watu wa kuhesabika. Gego likiniamsha alfajiri, hakuna wa kumwambia. Nafunga kilemba changu, nachukua fimbo, naenda zahanati mwenyewe.