Uyoga Uliotuachia Mvule

Siku hizi wageni wakija hapa Matiri wanaupiga picha mvule wetu, wanausikitikia kwamba jamii yake inakwisha. Sawa. Lakini ule uyoga mgumu uliopangana juu ya shina kama visahani, hakuna anayeutazama. Uko kwenye kila gogo, nani aulilie? Mimi naushukuru, na nina sababu.

Mivule ilikuwa miwili, juu ya chemchemi ya bibi yangu, ndiyo iliyotunza maji yake. Magoti yalikuwa yamemwisha bibi. Chemchemi ile ikikauka, maji mengine yalikuwa bondeni kabisa, na bondeni asingefika.

Sisi ni watu wa kahawa, na kwa mtu wa kahawa kuvu ni adui tu. Nikiwa msichana wa darasa la sita niliona uyoga umeota kwenye mivule, nikajitia udaktari. Niliubandua kwa panga, nikapaka mrututu, dawa ya kuvu tuliyokuwa tukipulizia mibuni. Mvule wa kwanza niliumaliza wote, ukapendeza. Kwenye wa pili uyoga ulikuwa juu, sikuufikia.

"Nani kakutuma, mjukuu wangu?" bibi akauliza. "Nyasi tunazofukia kwenye mashimo ya ngolo shambani si zinaoza ndiyo mahindi yanaota? Acha vitu vioze."

Nilinuna wiki nzima. Nilijiona nimeokoa mti.

Halafu soko la kahawa likaachiwa huru. Wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, na nyuma yao wa mbao. Baba mdogo akawapa mivule yote miwili ili wamletee bati za nyumba. Asubuhi walipofika na misumeno, bibi alikuwa ameketi kwenye chemchemi na ndoo yake. Wakamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akainamia ndoo yake.

Wakaanza na ule niliousafisha. Ulipolala chini, ndani ulikuwa mtupu, umeoza toka shinani mpaka kwenye matawi. Hata ubao mmoja haukutoka. Fundi wao akainua macho kwenye mvule wa pili, akauona uyoga, akajua nao umeoza ndani.

"Huu nao bure," akasema, wakafunga vyombo vyao.

Bibi alichota maji pale mpaka alipofariki, na sisi tunachota mpaka leo. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ule wa kwanza niliuua mimi kwa usafi wangu. Huu wa pili tunao kwa sababu uyoga uliota juu, nami, namshukuru Mungu, nilikuwa mfupi.