Ufunguo wa Chumba cha Watoto

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda upya hata chai hainyweki. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa bado linapanga ukumbi kule Fittja, hapa Sweden, nami nilikuwa mwalimu wa watoto, binti mwenye mdomo mrefu.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Espoir, mvulana wa kwaya wa miaka kumi na tano, alikuwa amemshika vibaya Neema, mtoto mdogo wa darasa langu. Polisi waliingia, ofisi ya ustawi wa jamii pia. Mwanamke wa ofisi hiyo alikuja kutueleza, na mkalimani pembeni yake. Kijana anapata matibabu, alisema, na wengi wa umri wake wakisaidiwa hawarudii. Ila kwa sasa asiachwe peke yake na wadogo, na kila baada ya muda watampima upya, maana kijana hubadilika. Tuliitikia wote kwa vichwa. Kisha kila mtu akaenda kufanya lake.

Mchungaji alimwita Espoir mbele, akampigisha magoti, tukamwombea. Halafu, ili ionekane kweli amesamehewa, akamkabidhi ufunguo wa chumba cha watoto. Awafungulie, apange viti, akae nao mpaka mimi nifike. Ndivyo tulivyo sisi: tukimsamehe mtu, lazima tumpe na kazi!

Papa Déo, mzee wa kanisa, naye akaruka upande wa pili. Alitaka jina na picha ya kijana vipelekwe kwenye makanisa yote ya watu wetu, kuanzia Kista hadi Hjulsta, na visifutwe kamwe. Kwa kuwa hapa Sweden hakuna orodha ya namna hiyo ya kusomwa na kila mtu, alisema, tutengeneze yetu. Nikamuuliza, je, huyu akifika miaka arobaini, ana mke na watoto, jina litakuwa bado linazunguka? Akanijibu kwamba mimi bado mtoto, ninyamaze.

Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada, wakagombana mpaka kahawa ikapoa. Huyu analia upendo, yule analia usalama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini Neema haji tena. Mimi nilijua. Alikuwa amesikia nani anafungua chumba, na tangu hapo kila Jumapili alikataa kuvaa viatu. Nilijaribu kusema mara kadhaa, wakanikatiza. Nilitaka kulia kwa kuchoka nao.

Ndipo akasimama Koko Nabintu, bibi yake Neema.

"Kumusamehe, mulifanya muzuri," alisema. "Lakini juu ya nini munamupatia ufunguo ya batoto? Na weye, Papa Déo, ile karatasi yako itachunga nani? Mutoto anachungwa na mutu mwenye anabaki mulangoni. Ni nani mwenye atabaki?"

Espoir, aliyekuwa amesimama karibu na makoti, akaja akauweka ufunguo mezani.

"Sikuutaka," alisema. "Niliogopa kukataa. Mungesema sitaki kusamehewa."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Papa Déo alikaa. Tangu siku ile mjomba wake Espoir hakutoka ubavuni mwake kanisani, na masharti yalilegezwa polepole, kadiri watu wa matibabu walivyotuambia. Neema alikawia sana kurudi. Aliporudi, bibi yake alikaa naye darasani, kwenye kiti kidogo kisichomtosha.

Sasa wamekukabidhi vijana wa kanisa, mwanangu, na nasikia zogo lile lile limeanza. Usimfiche aliyekosa, wala usimwandike kosa usoni maisha yake yote. Uliza yuko na nani, wapi, na nani anaangalia. Mwakani uliza tena, maana jibu litakuwa limebadilika. Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa mtoto aliyeumizwa, ukae chini, umuulize anahitaji nini ili asiogope. Sisi watu wazima tulimfanya asubiri mpaka tumalize kubishana.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia wadogo, akupe na uvumilivu wa kutukemea sisi wakubwa. Amina.