Paa Lililokunywa Ukungu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ule wa Karatu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulowesha hata kiberiti mfukoni. Nilikuwa kijana, najifunza kazi ya faiba kwa fundi Elifuraha, mtu wa Kilimanjaro aliyetengeneza mapaa ya magari ya watalii. Kila kitambaa cha nyuzi za kioo alikigusisha shavuni kwanza. Akihisi unyevu, alingoja jua, hata mteja anune vipi.

Siku hiyo fundi hakuwepo. Kaka yangu Lazaro, dereva, alitaka ufa wa paa lake uzibwe upesi kwa kuwa wageni walikuwa wakimsubiri. Shavu langu liliniambia kitambaa ni kibichi. Mimi, kwa ujuzi wangu wa miezi minane, nikakilaza hivyo hivyo, nikapaka gundi, na ilipokauka nikapiga rangi. Ikang'aa. Kaka akanisifu, nami kichwa kikavimba.

Paa lilivumilia msimu mmoja wa mvua. Kwa ule unyevu, nyuzi hazikuwa zimeshikana vizuri na gundi tangu mwanzo, basi maji yakajipenyeza humo polepole, yakazidi kuziachanisha, na juu rangi ikabaki safi. Siku moja, njia ya Oldeani, Lazaro alipanda kufunga mizigo. Paa likakatika chini ya miguu yake. Akaangukia mawe, akavunjika uti wa mgongo, na hakutembea tena.

Fundi aliokota kipande, akakibandua tabaka kwa tabaka kwa vidole vitupu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Lawama za watu nitazibeba mimi, karakana ni yangu," alisema. "Lakini kaka yako umwambie wewe kuwa kitambaa kilikuwa kibichi."

Nikasema kesho. Nimemwogesha Lazaro miaka ishirini na saba nikisema kesho. Kila siku alinishukuru, na hakuacha kumlaumu fundi, akidhani gundi yake ilikuwa mbovu, hata baada ya fundi kufariki. Mwezi uliopita tumemzika. Inaniuma, mwanangu, na sina tena wa kumwomba msamaha.

Basi nisikilize. Usifunike kitu kibichi kwa sababu mtu ana haraka, hata awe ndugu yako. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mungu aibariki kazi yako, na wale utakaowakosea awaweke hai mpaka uwafikie.