Mchumba Niliyempata Mara

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya ubishi tu. Mwalimu mwenzangu alidai mwanamke hawezi kusafiri peke yake kwenda kutazama nchi. Lazima awe amefiwa, ameolewa, au ametumwa na serikali. Nikamwambia, subiri uone. Shule zilipofungwa nikabeba begi na mwavuli, nikapanda treni ya Mwanza. Nia yangu ilikuwa kuona vya kuonekana, vile visivyo na kiingilio.

Kutoka Mwanza basi lilitubeba vizuri mpaka Bunda, hapo likagoma kabisa. Jirani yangu kitini, Mama Wegesa, mkulima wa pamba, akasema nisihangaike, kwake Nyasura ni karibu. Tulikula ugali wa muhogo na furu, visamaki vya ziwa vyenye miiba ya kukera, naye akawa ananihoji.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sina."

"Watoto je?"

"Sina."

"Kazi?"

"Ninayo, na nyumba ya serikali juu yake."

"Na huku umekuja kwa nani?"

"Sina ninayemjua. Nimekuja kutazama tu."

Mama Wegesa akaacha kutafuna. "Aaa! Sasa nimekuelewa," akasema, akaniongezea mboga. "Wanawake wa namna yako wanakujaga. Nitakutembeza mimi mwenyewe." Nikalala nikiusifu ukarimu wa watu wa Mara.

Kesho yake tulifika Musoma, tukafikia kwa binti yake, mtaa wa Mwisenge. Jamani, mji ule! Mawe makubwa yamepandana ufukweni, utadhani mtu aliyapanga haraka haraka akaitwa kula. Juu yake ndege weusi wanaanika mabawa mchana kutwa. Lakini kila niliposimama kutazama jiwe, mbele ya jiwe alisimamishwa msichana. Mmoja alipita na ndoo kichwani, akarudi, akapita tena. Mwingine alipepeta mtama palepale juu ya mwamba, upepo wa ziwa ukatumwagia makapi machoni. Soko la samaki nalo sikuliona vizuri, maana Mama Wegesa alikuwa anamwamuru wa tatu acheke nione meno yake.

Nikadhani ndiyo desturi yao ya kupokea wageni. Nikapiga makofi. "Hongereni sana! Wote nimewapenda!"

"Wote?" Mama Wegesa akashika kifua. "Kwani ng'ombe zako ni ngapi?"

Nikamjibu kwamba sifugi hata kuku. Wakaangua kicheko, wakaambiana kwamba watu wenye mali hawatajagi mali zao.

Siku iliyofuata tulipanda lori la pamba hadi Butiama, kwa Mzee Marwa, kaka yake Mama Wegesa. Huko niliahidiwa ngoma na litungu, zeze lao la nyuzi nyingi, bure kabisa. Mpigaji aliimba kwa lugha yao, watu wakanitazama na kucheka, nami nikacheka kwa adabu. Kisha Mzee Marwa akamwita binti yake, Nyangeta, mwanamke mzima, vidole vyeupe kwa chaki maana alikuwa anatoka kufundisha kisomo cha watu wazima.

"Sasa Mwalimu, huyu anakufaa?"

"Anifae kwa nini?"

"Kumuoa."

Uji ukanipalia. Walinipiga mgongoni huku wakinieleza jambo ambalo kwao kila mtu analijua: mwanamke asiye na mtoto, mwenye uwezo wake, anaweza kuoa mke, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Nyumba ntobu, ndivyo wanavyoiita. Sasa mwanamke anayezunguka peke yake akitazama-tazama, atakuwa anatafuta nini kingine? Mawe?

"Ndiyo, mawe!" nikapiga kelele. "Nimekuja kutazama mawe!"

Walinionea huruma sana.

Nikanyakua begi langu kwa hasira. Nyangeta akanifuata hadi nyuma ya ghala. "Mwalimu, usinikatae mbele za watu," akasema. "Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Jumamosi anakuja mzee mmoja na ng'ombe zake, ana wake wengine tayari, na baba atazipokea. Ukiniposa wewe kwanza, hawezi kunitoa kwa mtu mwingine."

"Mimi nikupose?"

"Si una mshahara?"

Alisema kwa utani, lakini begi langu alikuwa amelishika, haliachii. Hasira yote ikaniisha. Nikarudi uwanjani, nikasema, "Mzee, nimempenda Nyangeta. Ila mimi ni mwalimu, mke asiye na cheti simtaki. Asome uuguzi kwanza. Na ng'ombe wangu wako Morogoro, watakuja kwa miguu."

Mzee Marwa akafikiri. "Zitafika lini?"

"Inategemea majani ya njiani."

"Ni haki," akasema, mfugaji kamili yule. "Ng'ombe hazikimbizwagi." Vigelegele vikalia, nikavishwa kanga mpya, nikawa bwana harusi mtarajiwa.

Wakati wa kurudi nilipita Bunda bila kushuka, kwa hofu ya kuongezewa mke wa pili. Nilichojifunza ni kwamba ukienda ugenini kutazama, wenyeji nao wanakutazama, na wakishakuona una kitu cha kuwafaa hawakuachi ukae bure. Nyangeta alikwenda chuoni. Nikawa namtumia sabuni na soksi, naye ananitumia salamu: "Kwa mume wangu wa Morogoro."

Alipomaliza alikuja kwangu mwenyewe, gauni jeupe limepigwa pasi. "Shikamoo, Mwalimu. Nimepangiwa zahanati. Baba sasa ananisikiliza, kwa hiyo nimekuja kuvunja uchumba."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaenda jikoni kumtengea chakula, na huko nikalia, maana majirani wote nilikuwa nimeshawaambia nina mchumba, na kwa kweli nilikuwa nimezoea kuwa na mtu.