Maneno Mia na Ishirini

Mume wangu ni mpishi kwenye kambi moja ya watalii huku Robanda. Siku moja alirudi na habari kwamba mgeni fulani amemweleza kuna lugha iliyotungwa na mtu, ina maneno mia na kidogo tu, na wanaoijua wanaelewana vizuri. Akanitazama, akasema ingenifaa mimi. Jamani! Mimi niliyelelewa na shangazi wanne kule Natta, niambiwe nina maneno mengi? Nikamwambia alete kalamu.

Tukatunga yetu nyuma ya kalenda, maneno mia na ishirini ya Kiswahili, basi. Atakayetoka nje ya orodha anachota maji wiki nzima. Kuhesabu tuliweka moja, mbili na wengi. Neno pua tulilibishania nusu saa, likaingia.

Siku ya tatu mama mkwe akaja, na shikamoo tulikuwa tumesahau kuiweka kwenye orodha. Nikamwambia, "Mama mzuri." Akanishika paji la uso, kisha akampigia mwanawe kuuliza kama nimepimwa malaria.

Wiki ya pili, saa kumi jioni, tembo wakaingia shambani. Tuna ekari moja tu, na mahindi yale yalikuwa chakula cha watoto wangu mpaka mwakani. Jirani alianza kupiga debe kuwafukuza. Mimi nikampigia mume wangu, maana askari wa wanyamapori wenye gari walikuwa wanakula palepale jikoni kwake. Sasa, neno tembo halikuwemo kwenye orodha, na mimi nilishaapa sichoti maji.

"Mnyama mkubwa," nikasema. "Pua ndefu. Anakula chakula."

Akauliza, "Wengi?"

"Wengi."

"Wabaya?"

Wabaya! Mistari yangu ya mahindi inalazwa chini, na huyu bwana ananiuliza kama ni wabaya. Nilikuwa nalia huku kidole kikipita kwenye kalenda kutafuta neno. Jirani akatupa debe, akaninyang'anya simu, akasema tembo mara tatu. Gari lilipofika, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha.

Mume wangu alikuja na baiskeli, aproni bado kiunoni. Akasimama ukingoni mwa shamba. Nilimwona anatafuta cha kusema kwenye yale maneno yetu, akakosa.

"Pole, mke wangu," akasema. "Nilijua ni tembo tangu uliposema pua. Nilitaka ushindwe wewe kwanza."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikamsema kwa Kinatta cha shangazi zangu, kwa Kiikoma cha huku, kwa Kiswahili, nikausema mpaka na ukoo wake, huku tunaokota mahindi yaliyoanguka. Alisikiliza yote. Jirani akaleta gunia, akanisaidia kumsema.

Nilisema mengi sana jioni ile. Kwamba neno tembo lilikuwa mdomoni kwangu tangu mwanzo, nikalimeza ili nami nishinde, hilo sikulisema.