Ungo wa Shangazi Sokoni

Siku niliyohamia chumba cha uani kwa Shangazi, na cherehani yangu moja na sanduku la nguo, neno lake la kwanza halikuwa kodi. Alinionyesha mtaro, kisha akanionyesha bustani, akasema, "Maji ya sabuni yanakwenda kule, si huku. Ukimwaga huku, fundi, utahama leo leo." Nilicheka nikidhani ni utani wa kumpokea mgeni, lakini yeye hakucheka.

Si shangazi yangu wa damu. Mtaa mzima ulimwita hivyo na yeye aliitika. Bustani yake ilianzia kwenye mlango wa jiko hadi ukuta wa matofali: mchicha, bilinganya, bamia, nyanya chache, na maboga yaliyotambaa mpaka chini ya dirisha langu. Alitia mbolea ya kuku na majivu. Dawa ya dukani haikukanyaga pale. Wadudu aliwatoa kwa mkono asubuhi, mmoja mmoja, akiwatukana. "Toka hapa, mgeni usiyepiga hodi!" Mimi nilikuwa nashona barazani huku nikisikiliza hayo matusi, nacheka peke yangu mpaka mshono unakwenda upande.

Hakuwahi kujiita mkulima. "Mimi ni mpishi aliyebakiza," alikuwa akisema. Na ndivyo alivyofanya kazi. Chungu cha nyumbani kilitangulia, na kilichozidi ndicho kilichokwenda sokoni. Mafungu ya mchicha aliyafunga kwa uzi wa mgomba uliokauka, akauzungusha mara mbili na kuichomeka ncha chini, hivi kwamba ukivuta tu linafunguka. Sokoni pale hakuna mwingine aliyefunga hivyo.

Alikuwa na meza karibu na lango, kati ya muuza mayai na muuza mkaa, na juu ya meza alikuwa na ungo. Bustani ikitoa, mboga zinapangwa kwenye ungo. Bustani ikikataa, anakwenda vilevile, anaugeuza ungo kifudifudi, anarudi nyumbani. Mimi niliona ni wazimu. Kutembea njia yote ile kwenda kugeuza ungo!

"Wakikuta meza tupu watadhani naumwa," akanijibu. "Wakikuta ungo umegeuzwa watajua leo hakuna. Nisichokipika siwauzii watu."

Na watu walimwelewa. Wakiona ungo umelala wanapita, kesho wanarudi. Kulikuwa na karani mmoja mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyekuwa akitangaza mbele ya watu kwamba mchicha wa Shangazi angeutambua hata akiwa amefumba macho. Mama wa mgahawa wa pale kona naye alikuwa akisema mboga nyingine zote ni majani tu. Shangazi alirudi nyumbani na sifa hizo akanisimulia akijifanya anazikejeli. Uongo mtupu. Zilimwingia, nami niliziona zikimwingia. Mume alishafariki, watoto hakujaaliwa, na bustani yenyewe haikumpa utajiri. Kitu alichokuwa nacho duniani ni kuaminika pale mezani.

Kisha magoti yakamgeuka. Akawa anashika ukuta kutoka chumbani hadi jikoni, na safari ya soko ikamshinda. Hapo ndipo alipoingia wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mtaa ulimbandika jina la Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Alikuwa amepoteza kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni, na Shangazi akampa ile meza kwa moyo mweupe. Akamketisha jikoni akamfundisha kufunga fungu, uzi mara mbili, ncha chini, mpaka vidole vyake vikazoea. Akamweleza habari ya ungo.

"Hilo tu ndilo nakuomba, wifi," akamwambia. "Pasipo na kitu, geuza."

"Wifi, mimi na wewe ni wa kukumbushana kweli?" Redio akasema, akamkumbatia. Mapato wakawa wanagawana nusu kwa nusu, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri.

Kikaja kiangazi. Maji ya bomba yakawa ya kubahatisha, vidudu vyeupe vikavamia bilinganya, mchicha ukasimama kama umekasirishwa na mtu. Kilichopatikana hakikutosha hata chungu. Shangazi akamwita wifi yake. "Geuza ungo mpaka nitakapokwambia." Redio akashusha pumzi kwa huzuni, akaapa kwamba ataugeuza.

Lakini hakuacha kuja. Alipita kila baada ya siku chache, anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai, anapeleka salamu. "Wateja wako wanakusalimu, wifi. Yule mzee wa miwani anasema atakungoja. Mama wa mgahawa anasema hapiki mboga mpaka bustani yako iamke." Shangazi alikuwa akigeuza uso upande wa jiko ili macho yake yasionekane. Aliishi kwa maneno hayo. Alimwagilia kwa maji aliyooshea mchele. Nikamshonea turubai la magunia kukinga miche jua la mchana, na yeye akakaa chini yake na magoti yale yale mabovu, akitoa vidudu kwa kitambaa chenye maji. Nikamwambia apumzike. "Watu wananingoja," akasema.

Mvua iliporudi, mchicha ulinyanyuka kwa fujo. Tukala mpaka tukachoka, na siku ilipofika ya kubaki na cha ziada, Shangazi akakataa kumwita Redio.

"Nitakwenda mwenyewe. Nataka kuziona nyuso zao."

Nikabeba kikapu. Tulikwenda polepole, tukipumzika kwenye vizingiti vya maduka, na njiani alikuwa na furaha ya kitoto mpaka nikamtania kwamba anakwenda kuposwa na karani. Akanipiga kofi la begani.

Tulipopita lango nikaona ungo kabla yake. Haukuwa umegeuzwa. Ulikuwa umejaa mpaka pomoni: mchicha wenye majani mapana yasiyo na doa, nyanya zinazong'aa zenye ukubwa mmoja, bamia zilizonyooka. Na kila fungu la mchicha lilikuwa limefungwa kwa uzi wa mgomba, mara mbili, ncha chini.

Mama wa mgahawa alikuwa pale na kapu lake. "Shangazi! Umekuja mwenyewe!" Akamkumbatia kwa nguvu. "Mungu akupe afya. Kiangazi chote watu wanalia, wewe hujatuangusha hata siku moja. Tulikuwa tunasema hapa, mkono wa Shangazi hauzeeki!"

Shangazi alichukua fungu moja, akavuta ncha, likafunguka. Akalitazama, kisha akamtazama wifi yake aliyekuwa nyuma ya meza. Redio alikuwa amezimwa.

"Umezitoa wapi?"

"Wifi, kaa kwanza. Magoti yako—"

"Nimekuuliza umezitoa wapi."

"Twende pembeni tuongee."

"Hapa hapa."

"Kwenye malori ya jumla," Redio akasema chini chini. "Si mimi peke yangu, wote hapa wananunua huko. Wifi, meza ikilala watu wanahama. Nimekulindia wateja wako. Na mimi nilikuwa nikale nini?"

"Na salamu ulizokuwa unaniletea?"

"Salamu ni za kweli! Walikuwa wanakusalimu kila siku."

"Walisema wataningoja?"

Redio akaanza kuzipanga nyanya upya. "Wangengoja nini, wifi, na mboga zipo?"

Mwanamke amekunywa chai yetu kiangazi kizima huku akimpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa! Nilitaka niipindue ile meza, nyanya zake zitawanyike mpaka kwenye mkaa. Shangazi akanishika mkono. Akawageukia watu waliokuwa wamesimama, akainua sauti, naye si mtu wa kuinua sauti sokoni.

"Sikilizeni. Hizi si zangu. Tangu jua lilipokaza sijaleta hapa hata jani. Mmeuziwa mboga za lori kwa jina langu. Nisameheni."

Nilingoja walipuke. Nilijua sasa Redio ataoga matusi. Karani mstaafu, ambaye mkononi alikuwa na mafungu yake tayari, aliyatazama, akarekebisha miwani.

"Mh," akasema. "Lakini zilikuwa nzuri."

"Mzee!" nikamrukia. "Si wewe uliyesema ungezitambua umefumba macho?"

"Ah, fundi, hayo ni maneno ya sokoni tu." Akayatia mafungu kwenye mfuko wake na kuondoka, wala hakuwa na haya.

Mama wa mgahawa alibaki. Kwake yeye bado nilikuwa na tumaini. Akainama, akafunua kikapu chetu, akatoa fungu la mchicha wa nyumbani, akalinyanyua kwenye mwanga. Majani yalikuwa na vitundu.

"Zimetobolewa, Shangazi."

"Mdudu amegusa kwa sababu hakuna sumu."

"Najua, mama. Najua kabisa. Ila wateja wangu wakiona tundu kwenye sahani wanaacha chakula." Akalirudisha fungu kikapuni taratibu, akalifunika vizuri na kitambaa, kwa heshima zote. Afadhali angelitupa. Kisha akamgeukia Redio, bila hata kupunguza sauti. "Kesho utakuwa nazo?"

Redio alimtazama wifi yake, akaangalia pembeni. "Nitakuwa nazo."

Shangazi hakulia, hakutukana. Aliuacha ungo wake pale pale na mboga za watu ndani yake, akatoka langoni. Nikamfuata na kikapu kikiwa kizito vile vile. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kwamba tutatafuta meza nyingine, kwamba mtaani watanunua, kwamba yule mzee ni mnafiki na hana hata meno ya kutafunia.

Tulipofika kwenye duka la vitenge akasimama kupumua.

"Fundi, uzi wako huwa unanunua wapi?"

"Kule nyuma ya soko, Shangazi."

"Kiangazi chote ulikuwa unakwenda kununua uzi."

Ndipo nilipoelewa maneno yake yanakwenda wapi. "Napitia njia ya nyuma, Shangazi. Sifiki langoni. Sikujua kitu, naapa."

"Naye aliapa."

"Shangazi, mimi?"

Alinyoosha mikono akakichukua kikapu kutoka kwangu, akakipandisha kichwani mwenyewe, akashika ukuta wa duka na kuanza kutembea. Nilimwomba anipe, akaongeza mwendo, na magoti yale yakamtetemesha kila hatua. Sikuwa nimemkosea chochote, na njia nzima mpaka nyumbani nilimfuata kwa nyuma kama mwizi.