Kisu cha Kubebeshea

Tak.

Ndivyo kilivyolia kisu cha kukunja cha mzee Anyelwisye, cha kubebeshea miche, kila alipokifunga. Kwa miaka mingi mkewe Esnath aliusikia mlio huo akiwa jikoni, akaita: "Umemaliza? Njoo ule." Esnath alizikwa mwaka juzi. Kisu kiliendelea kulia, na hapakuwa na wa kuita.

Kisha upepo ukaung'oa mparachichi aliokuwa ameupanda Esnath nyuma ya nyumba yao, huko Nkunga. Asubuhi Anyelwisye akachukua panga, akakata vikonyo vitano, vijiti vyenye macho, kwenye matawi yaliyolala chini na kuvifunga kwa jani bichi la mgomba. Vikibebeshwa leo, yaani vikiunganishwa kwenye miche aliyokuwa nayo uani, mti wa Esnath utaendelea kuishi. Vikilala hadi kesho, vitanyauka, na mwingine wa mbegu ile hana.

Kisu akakikuta jikoni, hakifunguki. Utomvu wa ndizi mbichi ulikuwa umekauka kwenye bawaba, mweusi tii.

Mkosaji alijulikana. Ni Atuganile, mke wa mwanawe Nelson, aliyehamia hapo kumtunza. Lakini kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mwana hamsogelei baba mkwe wala hamsemeshi. Wengi wameiacha. Hawa wawili waliishika, kila mmoja akihofia kumuudhi mwenzake. Ndiyo maana Atuganile hakuuliza kisu kipi ni cha ndizi, na Nelson wa kumuulizia alikuwa Tukuyu kazini.

Mzee akamgeukia kuku aliyekuwa akichakura uani.

"Wewe kuku, nani amemenya ndizi kwa kisu changu?"

Nyuma ya ukuta wa jiko sauti ikajibu: "Kuku, mwambie baba ni mimi, anisamehe. Vingine vyote ni butu."

"Kuku, mwambie ni butu kwa sababu vinachanjiwa kuni."

"Kuku, mwambie mchanja kuni ni mwanawe."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Akapaka mafuta ya taa kwenye bawaba, akangoja, akafuta kwa kitambaa, akapaka tena, mpaka bamba la kisu likafunguka. Akalowesha jiwe lake la mtoni. Akasukuma kisu, makali yakitangulia, mgongo umeinuka kidogo tu, upande huu, kisha ule, bila haraka. Akajaribu kwenye jani la mgomba: likaachana kimya. Mwisho akatia bawaba tone la mafuta ya cherehani.

Kisu kilikuwa tayari. Mkono ndio haukuwa. Kikonyo cha kwanza kilichanika, mkono wa kizee ukirudia mkato. Cha pili pia. Vikabaki vitatu.

Mzee akavitazama. Kuku alikwisha kwenda zake.

"Atuganile," akaita. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. "Njoo, mwanangu."

Akaja, macho chini, akapiga magoti kando ya miche. Mzee akamwekea kisu kiganjani.

"Kata mara moja. Ukirudia, gome linachanika."

Akakata. Pakatoka mkato safi, unaong'aa. Mzee akamwonyesha namna ya kuchomeka kikonyo kwenye mche na kukifunga kwa nailoni, kisha akamwachia viwili vilivyobaki, akaingia jikoni na kuanza kupakua ndizi alizokuwa amepika Atuganile.

Huko nje, tak.

Mwiko ukasimama juu ya sahani.

"Umemaliza?" mzee akasema, kwa sauti ambayo hata kuku asingeisikia. "Njoo ule."